Jiwe, Mkono na Akili: Utajiri wa Nchi Watoka Wapi?

Twawaletea suala lililoulizwa katika darsa yetu hapa Njiru, upande wa mashariki wa jiji la Nairobi. Kijana mmoja, ambaye kazi yake ni kuchonga mawe timboni, alisema: "Mwenyezi Mungu ametia jiwe katika ardhi hii, na majumba mengi ya Nairobi yamejengwa kwalo. Mbona sisi tulichimbao ndio tulalao katika vibanda vya mabati? Na sasa yaja mashine ya kukata mawe. Ikifika, sisi wenye nyundo na tindo tutakula nini?"

Suala hili si la wachonga mawe peke yao. Ni suala la mataifa, na sisi watu wa pwani latuhusu zaidi kuliko tudhanivyo.

Wengi wetu hudhani kwamba nchi hutajirika kwa kile kilichomo ardhini mwake. Lau ingekuwa hivyo, Kongo yenye shaba na dhahabu ingekuwa miongoni mwa nchi tajiri za dunia, na Japani, ambayo hununua mafuta yake na mawe yake ya chuma kutoka nchi za mbali, ingekuwa fukara. Hali ni kinyume. Basi yatupasa tujue kwamba kilichomo ardhini si utajiri bado. Ni amana inayomngojea mwenye elimu. Mwenyezi Mungu alipomneemesha Nabii Daudi, amani iwe juu yake, alimlainishia chuma na akamfundisha kutengeneza deraya. Neema ya chuma na neema ya ufundi zilikuja pamoja.

Tazameni Kwale. Tangu mwaka 2014 madini ya titaniamu yaliyochujwa katika mchanga wake yalikuwa yakipakiwa melini hapo Likoni, hata uchimbaji ulipokoma mwishoni mwa mwaka 2024. Hatusemi kwamba hapakupatikana faida. Watu waliajiriwa, na serikali ilipata haki yake. Lakini kazi ya kuyageuza madini yale kuwa rangi nyeupe ya kupakia nyumba ilifanywa katika viwanda vya ng'ambo. Mchanga umekwisha, na elimu ya kuugeuza haikubaki kwetu. Mwenye kuuza mchanga kwa bei ya mchanga, kisha akanunua rangi kwa bei ya rangi, hana haki ya kustaajabu akiona mfuko wake mtupu.

Sasa tazameni mfano mwingine, ambao wasomaji wetu wa Mombasa huupita kila siku. Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza kazi mwaka 1954, kikachimba mawe ya matumbawe hata pakabaki jangwa jeupe lisilo na udongo, na maji yake ya chumvi. Mwaka 1971 bwana René Haller, aliyekuwa mtumishi wa kampuni hiyo, alianza kupanda miti mahali hapo. Miche ya aina nyingi ilikufa, mvinje ukastahimili. Lakini majani ya mvinje yalianguka yasioze, na bila ya kuoza hapana udongo. Ndipo akaleta majongoo, wadudu wale wale tunaowasukuma kwa kijiti wakiingia uani, wakayala majani yale na kuyafanya mbolea. Leo pale pana msitu, na watu hulipa kiingilio kuuona. Hapakugunduliwa dhahabu pale. Mtu alimtazama mdudu ambaye sote twamwona, naye akafikiri.

Kuna wenzetu wakisikia neno uvumbuzi huogopa, wakasema kila jipya ni bidaa. Hili ni kosa. Bidaa iliyokatazwa ni kuzidisha katika dini yale ambayo Mtume hakuyaleta. Ama katika mambo ya dunia, Mtume mwenyewe, rehema na amani zimshukie, baada ya habari ya kupandisha mitende kule Madina, aliwaambia watu kwamba wao ndio wayajuao zaidi mambo ya dunia yao. La ajabu ni kwamba sisi tumegeuza: tumevumbua katika ibada, tukaiga katika kazi.

Na kuna maradhi ya pili, nayo ni kuidharau kazi ya mkono. Mchonga mawe akija kuposa huulizwa kama hana kazi nyingine. Karani asiyelipa madeni yake huandaliwa halua. Hali ya kuwa twafundishwa kwamba Nabii Daudi, pamoja na ufalme wake, alikula katika jasho la mkono wake.

Basi yule kijana ajibiwe nini? Kwanza, mashine si adui yake. Adui yake ni kuwa mashine ni ya mtu mwingine. Nyundo yake aliimiliki, ndiyo sababu alikuwa na neno timboni. Wachonga mawe kumi wakishirikiana kwa mkataba wa haki, wakanunua mashine bila ya riba, wakajifunza kuitumia na kuitengeneza, itakuwa mkono wao ulioongezwa nguvu. Wakikataa kujifunza, itakuja vivyo hivyo, nao watakuwa vibarua wa kuifagilia vumbi.

Pili, elimu peke yake haitoshi. Taifa laweza kuvumbua kila kitu na bado likawala watu wake. Mwenye timbo, awe na mashine au asiwe nayo, analazimika kumlipa mfanyakazi ujira wake kabla jasho halijakauka, kama tulivyoamrishwa. Na Qur'ani, katika Sura ya Hud, yatueleza kwamba Mwenyezi Mungu ametuumba kutokana na ardhi akatutaka tuiimarishe. Timbo lililochimbwa kisha likaachwa wazi, likajaa maji ya mvua karibu na watoto wachezao, si kuimarisha ardhi. Ni hiana, hata kama mawe yake yamejenga msikiti.

Ndugu zetu wa pwani, misikiti yetu ina minara mizuri, na Mwenyezi Mungu awalipe waliojenga. Lakini hesabuni: katika mtaa wenu pana minara mingapi, na karakana ngapi ambamo kijana hufundishwa kazi ya chuma, ya umeme au ya mashine? Zaka na wakfu zetu zaweza kufanya yote mawili. Yule kijana wa Njiru hakuomba sadaka, aliuliza suala. Sadaka ingemtosha kwa siku moja, na suala lake lataka jawabu la maisha.