Mkate wa mayai, mlango umefungwa

Je, mtu anayepokea msaada anaruhusiwa kula kitu kitamu? Kwetu Buteba, njia ya kwenda Tororo, swali hili wangelicheka. Hapa Kiryandongo ninapofanya kazi na vijana, namjua mama anayepika mkate wa mayai akiwa amefunga mlango.

Chakula chenyewe si kikubwa. Mkate wa juzi uliokauka, yai moja, maziwa kidogo, kikaangoni. Juu anaweka ndizi mbivu zilizopikwa na sukari, tangawizi na mdalasini. Watoto wanne, kila mmoja nusu kipande. Wakongo wenzetu wanauita pain perdu, yaani mkate uliopotea, maana ungetupwa.

Hofu yake ni harufu. Mdalasini hauna siri, jamani! Tangu 2023 WFP hapa Uganda inagawa msaada kwa makundi, kulingana na hali ya kaya. Anaogopa jirani aseme: “Yule ana mayai, ametajirika.”

Utaniambia hela hiyo ingenunua posho. Ni kweli, ingenunua. Lakini posho watoto wanakula kila siku, na hamu ya utamu haikubaki mpakani siku walipovuka. Kumtaka maskini aonekane maskini hadi kinywani, hiyo mimi naiita dhuluma.

Nyinyi wa fomu, ulizeni kaya ina watu wangapi, inapata nini, inadaiwa nini. Harufu ya jikoni iacheni. Ila sisi majirani ndio wabaya zaidi: afisa anakuja siku moja tu, sisi tunanusa kila jioni.