Deni la Kurudi Nyumbani

Desemba ikikaribia, simu kutoka nyumbani hubadilika. Salamu ni zilezile, habari za mvua na mahindi ni zilezile, lakini katikati yake kuna swali: "Mwaka huu unakuja?" Linaulizwa kwa upole, ila kila aliyewahi kuulizwa anajua uzito wake. Anayejibu "nakuja" amelipa. Anayejibu "tutaona" ameongeza deni. Ndiyo maana ninauliza: je, shukrani inaweza kudaiwa? Na ikidaiwa, bado ni shukrani?

Ndugu zetu walioko Marekani hukutana na jambo hili mwezi mmoja kabla yetu. Kila Alhamisi ya nne ya Novemba nchi ile husafiri kwenda kula nyumbani. Hadithi wanayosimuliana ni ya mwaka 1621, Plymouth, walowezi kutoka Uingereza walipokula mavuno yao pamoja na Wawampanoag, wenyeji wa nchi ile. Rais Abraham Lincoln aliitangaza siku ya shukrani ya taifa mwaka 1863, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiendelea, na mwaka 1941 sheria ikaiweka kwenye Alhamisi ya nne. Lakini tangu 1970, hukohuko Plymouth, wazawa hukusanyika siku hiyohiyo kuomboleza ardhi na watu waliopotea. Mtu anaweza kushukuru kwa sauti kubwa huku amemsahau aliyemlisha. Wahenga walishasema, ahsante ya punda ni mateke.

Sisi wa Mwanza hatuna sikukuu yenye jina hilo. Makanisani kuna ibada za mavuno, lakini shukrani yetu kubwa ni safari yenyewe. Reli ilifika Mwanza mwaka 1928, na tangu hapo vizazi vimepishana kwenda na kurudi. Leo wengi hutoka Dar es Salaam kwa basi, zaidi ya kilomita 1,000 kupitia Dodoma, Singida na Shinyanga, magunia na maboksi yamejaa chini. Wengine hupanda meli kwenda Bukoba usiku. Wengine, kama sisi, walivuka Kigongo.

Nilipokuwa mdogo, kwenda kwa bibi Sengerema kulimaanisha kivuko. Magari yalipanga foleni, wachuuzi wakapita madirishani na mayai ya kuchemsha na karanga, jua likapanda. Tukifika, bibi hakuuliza tumeleta nini. Aliuliza, "Mmesubiri sana wajukuu zangu?" Akisikia ni muda wa saa tatu, alisikitika kwa mdomo tu; usoni alikuwa na furaha asiyoweza kuificha. Kusubiri kwetu ndiko kulikokuwa zawadi yake.

Tarehe 19 Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa. Ni kilomita 3 hivi juu ya maji, na gari hulimaliza kwa dakika chache. Kama thamani ya kurudi ilikuwa katika taabu, basi daraja limeishusha. Siamini hivyo. Ziwa hili limetufundisha kwa ukali kwamba gharama ya safari si kipimo cha upendo. Mei 21, 1996 MV Bukoba ilizama ikikaribia Mwanza, watu zaidi ya 800 wakafa; kaburi lao la pamoja liko Igoma. Septemba 20, 2018 MV Nyerere kilipinduka kikikaribia Ukara, kimebeba watu kupita uwezo wake, na zaidi ya 200 hawakufika. Hakuna mzazi aliyewahi kumwomba mwanawe bei hiyo.

Basi tuachane na taabu, turudi kwenye deni. Deni lina kiasi, na likilipwa mnaachana kwa amani. Lakini aliyekulea ukiwa na homa, akauza mbuzi ili ulipiwe ada, huwezi kumlipa ukaachana naye. Kwa hiyo kinachoitwa deni hapa si deni. Hakina risiti, hakina siku ya mwisho.

Lakini haraka hiyo ina hatari. Tukisema shukrani haidaiwi kabisa, tunamwacha mzee mlangoni na matumaini matupu, wakati sisi tunafalsafisha uhuru wetu mjini. Yule mama ana haki ya kuona uso. Kutuma fedha kwa simu ni jambo jema, na nesi aliye zamu siku ya Krismasi hana namna nyingine. Lakini fedha haimpi bibi mtu wa kukaa naye jikoni.

Tofauti ninayoiona ni hii: mzazi anaweza kudai uwepo wako, hawezi kudai ushahidi wa mafanikio yako. Na Desemba zetu zimechanganya hivyo viwili. "Unakuja?" imegeuka kuwa "Umefika wapi?" Kijana anarudi na anatazamwa mikono, viatu, gari alilokuja nalo. Tunamwambia mwacha asili ni mtumwa, wakati sisi wenyewe tumeweka kiingilio kwenye lango la asili yake.

Binamu yangu alimaliza chuo akakaa miaka mitatu bila kazi ya maana. Desemba zote tatu alisema yuko kazini, hajapewa likizo. Alikuwa chumbani kwake Dar, akila ugali na dagaa, simu ameizima mpaka mwaka mpya. Hakukosa shukrani hata siku moja. Alikosa cha kuonyesha.

Mwaka wa nne shangazi hakumuuliza kitu. Alimtumia nauli kwenye simu na ujumbe mfupi: "Mwanangu, njoo ule." Alishuka Nyegezi usiku na begi moja la mgongoni. Kesho yake mjomba mmoja alianza kumuuliza anafanya kazi wapi siku hizi. Shangazi akamkatiza, akamwomba binamu amshikie kuku wa kuchinja.

Sijui kama shangazi angekubali kuitwa mwanafalsafa. Lakini alifanya kazi ambayo familia nyingi zinamwachia anayerudi peke yake: alijenga daraja kuanzia upande wa nyumbani.