Daudi Alipowatafutia Wazazi Wake Mahali pa Kukaa

Neno la kusoma: 1 Samweli 22:1-4, Marko 7:9-13, 2 Samweli 19:31-39

Nawasalimu ninyi wa Dzaleka, na ninyi mlioko Lilongwe, Chinsapo na mitaa ya jirani, ambao kijarida hiki huwafikia kwa mkono wa ndugu.

Sura hii ya 1 Samweli 22 tunaihubiri sana kambini. Daudi amekimbia, amejificha katika pango la Adulamu, na watu kama mia nne wenye dhiki na madeni wamemkusanyikia. Tunajiona humo. Lakini tukimaliza habari za pango tunaruka mistari ya 3 na ya 4, na leo nataka tusimame hapo hapo. Daudi anatoka Adulamu, anakwenda mpaka Mispa ya Moabu, anamwomba mfalme wa nchi ile awapokee baba yake na mama yake mpaka ajue Mungu atamtendea nini. Nao wakakaa huko muda wote Daudi alipokuwa ngomeni.

Yese alikuwa amekwisha kuwa mzee siku za Sauli. Soma 1 Samweli 17:12. Daudi aliona kwamba pango linamfaa kijana mwenye upanga, halimfai mzee anayeamka usiku mara tatu. Akatafuta mahali. Na kwa nini Moabu, nchi ya kigeni? Kumbukeni Ruthu Mmoabu alikuwa bibi yake Yese, mama wa Obedi. Daudi hakubahatisha, alikwenda kwenye uzao wa bibi yao. Tena alikwenda yeye mwenyewe, huku Sauli anamwinda. Hakumtuma mtoto, wala hakuwaacha wazee mlangoni na kusema, "Mungu atawaona." Alizungumza na mwenye nyumba uso kwa uso, akaeleza ni kwa muda gani.

Basi, wapendwa, kumtafutia mzazi wako mahali pengine pa kukaa si dhambi. Nasema hivyo kwa sababu wako wanaolia kwangu wakidhani wamelaaniwa kwa kuwa mama yuko Dzaleka na wao wako Chinsapo. Hapana. Dhambi ni kuondoka bila kumkabidhi kwa mtu.

Hali yetu tunaijua. Dzaleka ilifunguliwa kuwa kambi mwaka 1994, mahali palipokuwa gereza, kwa ajili ya watu kama elfu kumi. Leo tumepita elfu hamsini. Mgao umepunguzwa mara nyingi. Wenye nguvu wakatafuta riziki mjini, kilomita kama 45 kutoka hapa. Mwezi wa tatu 2023 serikali iliamuru wakimbizi waliokuwa nje warudi kambini, na mwezi wa tano askari wakaanza kuwakusanya. Nyumba nyingi zilivunjika vipande wakati ule: baba huku, mtaji ulikopotea kule, watoto kwa shangazi. Mzee, ambaye hana biashara wala shule, ndiye wa mwisho kuulizwa alale wapi.

Na wengine walipanda ndege. Walimwambia mama, "Nikifika nitakuita." Wengi walisema kwa moyo safi. Lakini Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na wako wazazi hapa ambao ahadi ile imebaki kwenye simu tu. Wewe uliyeko mbali, unapotuma fedha, usimtumie kijana tu na kunyamaza. Omba kuzungumza na mama mwenyewe. Muulize jana alikula nini. Masimulizi ya kale ya Wayahudi yanasema wazazi wa Daudi hawakutendewa mema huko Moabu mwishoni. Biblia haisemi hivyo, nami sijengi fundisho juu yake, ila mwenye busara huuliza habari.

Nataka kusema wazi jambo ambalo tunaogopa kulisema madhabahuni. Mzee anayeachwa peke yake hafi kwa njaa tu. Macho yake ni mekundu kwa moshi wa kuni, anaongea peke yake kwa upweke, na mtoto wa jirani akiugua malaria, watu wanaanza kunong'ona kwamba ni mchawi. Tulikimbia vita tukaja na neno hilo katika mizigo yetu, na wenyeji wetu nao wanalo. Hapa Malawi wazee wamepigwa na hata kuuawa kwa ajili yake. Sheria ya nchi hii ya mwaka 1911 inasema kumtuhumu mtu kuwa ni mchawi ni kosa. Lakini kabla ya sheria, iko damu ya Kristo. Nabii yeyote anayekuja kwenye maombi ya usiku na kumtaja bibi wa mtu, asipewe kipaza sauti katika kanisa hili. Na kinga ya mzee iko karibu kuliko polisi: aonekane kila siku ameketi na watu wake, wakila pamoja naye.

Sasa habari ya Korbani. Katika Marko 7, Bwana Yesu anawakemea waliosema mali yao ni wakfu kwa Mungu ili wasiwasaidie baba na mama. Nami nasema kama mchungaji: ukiniletea sadaka ya shukrani huku mama yako hana sabuni wala blanketi katika baridi ya mwezi wa sita, nitakurudishia uipeleke kwake kwanza. Kanisa halitafilisika.

Wengine wanasema, "Basi nitamchukua nikae naye mjini." Ni vema, kama una ruhusa ya kuishi huko. Lakini muulize kwanza. Barzilai Mgileadi alikuwa na miaka themanini, Daudi akataka kumpeleka Yerusalemu amtunze. Mzee akakataa kwa upole. Alitaka kufa mjini kwake, karibu na kaburi la baba yake na mama yake, akamtoa Kimhamu aende badala yake. Daudi hakumlazimisha; alimbusu, akambariki. Bibi ambaye amemzika mumewe hapa Dzaleka, anayesalimiwa kwa Kiswahili, Kibembe au Kirundi tangu mlangoni hadi bombani, ukimfungia katika chumba kimoja cha kupanga Chinsapo, wewe umekwenda sokoni tangu alfajiri, na Kichewa hakijui, je, umemtunza au umemfunga?

Watu huniuliza kama hakuna nyumba ya wazee. Tanzania wanayo makazi ya serikali, kama Nunge kule Kigamboni, na Zanzibar wanayo Sebleni na Welezo. Sisi Moabu yetu ni jirani. Mtafute mama mwaminifu, hasa mjane ambaye naye anahitaji kipato kidogo, mkae chini mbele ya shemasi, mpatane: nani atachota maji, nani atapika, nani atafua blanketi, nani atamshika mkono kwenda kituo cha afya kuchukua dawa za presha au sukari, nani atapigiwa simu usiku. Patana na kiasi cha kwacha, na siku ya kukituma kwa Airtel Money au Mpamba. Usimlipe jirani kwa "Mungu akubariki" peke yake. Baraka hiyo ina njaa. Kama mzee hawezi kusimama kwenye foleni ya mgao, nenda naye ofisini kabla hujasafiri, uulize jinsi ya kuandikisha mtu wa kumpokelea, na uwaeleze kwamba anabaki peke yake. Kazi hii usimwachie mjukuu wa miaka tisa, ambaye asubuhi anapaswa kuwa darasani.

Halafu uje. Nauli ni ghali, najua, lakini hata mara moja kwa mwezi, ukae, umkate kucha, usikilize hadithi ya Fizi au Uvira ambayo umeisikia mara mia.

Kuanzia Jumapili hii mashemasi watabaki baada ya ibada kuandika wazee wote wanaoishi peke yao, wawe wa kanisa letu au la. Leteni jina la mzee, mahali nyumba yake ilipo, lugha anayoielewa, na namba ya simu ya mtoto wake, popote alipo duniani.