Hadithi Isiyo na Isnadi

Katika Mji wa Kale, Mombasa, neno hadithi lina makao mawili. Msikitini ni kauli au kitendo cha Mtume, na haikubaliki bila isnadi, yaani mlolongo wa wapokezi. Darasani ni kisa alichokibuni mwandishi, kisicho na mpokezi hata mmoja. Je, kufundisha hadithi fupi ni kufundisha uwongo? Sioni hivyo. Mwongo huficha kwamba anabuni, msimulizi hutangaza. Bibi akisema "Paukwa!" na wajukuu wakaitika "Pakawa!", mkataba umeshafungwa, wala hakuna aliyedanganywa. Jalada lililoandikwa "hadithi fupi" hufanya kazi iyo hiyo.

Mpinzani atasema kwamba Surat Yusuf yenyewe yakanusha kuwa ni maneno ya kuzuliwa. Ni kweli, lakini huko ni kuulinda ufunuo usichanganywe na ubunifu, si kuharamisha ubunifu unaojitambulisha. Tazama "Tumbo Lisiloshiba" ya Said A. Mohamed, iliyotahiniwa katika sekondari za Kenya: Jitu laingia mkahawani kwa Mzee Mago, likafagia chakula chote. Tumbo kama hilo halipo duniani. Lakini unyakuzi wa ardhi za wanyonge, ambao ulafi huo unauwakilisha, upo. Ukweli huo haupimwi kwa wapokezi bali kwa mizani ya kisa chenyewe: nani anasimulia, nini kimeachwa, kwa nini kimekomea hapo. Mwalimu anayekimbilia "funzo" huigeuza hadithi kuwa mawaidha, na kazi hiyo mimbari huifanya vizuri zaidi. Tuwafundishe wanafunzi kupima kwanza, kisha wahukumu.