Kitu kikizeeka, haki yake ni ipi?

Katika mji wetu hakuna reli. Mtoto wa Bulengera anaweza kumaliza masomo yake yote bila kuona treni, isipokuwa kwenye kitabu. Reli ya karibu na sisi ilikuwa ile ya Kasese, ng'ambo ya mpaka wa Kasindi. Waingereza waliifikisha pale mwaka 1956 juu ya shaba ya Kilembe, na tangu miaka ya 1990 treni hazifiki tena. Hata hivyo nataka tuongee juu ya treni, tena treni za umeme, sababu zinaweka wazi swali ambalo kila mwenye pikipiki na kila mwenye mashini ya kusaga unga anajiuliza kimya kimya. Kitu kikizeeka, tukitengeneze ao tukitupe na kuleta kipya? Wafanya biashara wetu watajibu kwa kupiga hesabu ya faida, na hesabu wanaijua kuliko mimi. Mimi nauliza juu ya haki.

Kwetu Kongo treni ya umeme si jambo geni. Mwaka 1952, wakati inchi nyingi za Ulaya zilikuwa zingali zinachoma makaa ya mawe, nyaya za umeme zilifungwa juu ya reli kati ya Likasi (wakati ule Jadotville) na Tenke. Kidogo kidogo zikafika Lubumbashi, Kolwezi na Kamina, mpaka SNCC ikahesabu kilometa 858 za reli yenye umeme. Nguvu ilitoka kwenye maporomoko ya Katanga yenyewe, maji ambayo hatulipi mtu. Lakini wakati mashini mpya zilipokuja katika miaka ya 2010, kwa msaada wa Benki ya Dunia, zilikuwa za mazuti. Tulikuwa na kitu kizee kinachokula maji yetu, tukaleta kipya kinachokula mafuta ya kununuliwa ng'ambo. Labda hakukuwa na namna nyingine, mimi sikukaa kwenye meza ile. Lakini neno "mpya" lisitufumbe macho. Wazee wa pwani walisema zamani: kipya kinyemi, ingawa kidonda.

Tuangalie kwanza namna treni ya umeme inavyozeeka, sababu haizeeki mahali pote kwa mara moja. Mwili wake, kama ni wa chuma kizuri ao wa aluminium, unaweza kushika miaka 40 na zaidi. Kinachochoka mbele ni magurudumu, freni, ganda la nyaya za ndani ya motere linaloungua kwa joto, yale makaa madogo yanayosuguana na sehemu inayozunguka, na vyombo vya kupima na kugawa umeme. Fundi anayejua kazi anatoa motere za zamani na kuweka za namna ya leo zisizotumia makaa, anabadilisha nyaya zote, anapima mwili kuona kama kutu imeula, na treni inarudi kazini kwa miaka mingine mingi. Si kupaka rangi na kushona viti upya. Kupaka rangi kunafanyika siku ya mwisho.

Kuna wanaofikiri kwamba kazi hii ni ya masikini. Uingereza si masikini. Kwenye kisiwa cha Wight, treni za umeme zilizojengwa mwaka 1938 kwa ajili ya njia za chini ya ardhi za London zilibeba wasafiri mpaka Januari 2021. Ni miaka 82! Na zile zilizozifuata Novemba ya mwaka ule ule hazikuwa mpya. Zilikuwa treni nyingine za London, za miaka ya 1980 hivi, zilizofunguliwa na kutengenezwa upya.

Hapa mwanafunzi wa filozofia atanisimamisha. Kama motere ni nyingine, nyaya nyingine, magurudumu mengine, je, ile treni ingali ile ile? Wagiriki wa zamani walibishana hivyo juu ya meli ya Theseus, ambayo mbao zake zilibadilishwa moja moja. Lakini wahenga wetu nao walijibu, bila kuandika. Mpini wa jembe ukivunjika, mama anaweka mwingine, na jembe linabaki lake. Jembe lenyewe likiisha kwa udongo, mfua chuma analirudisha motoni, linatoka kisu. Na tshukudu inayoshuka na viazi mlimani imebadilisha magurudumu mara ngapi? Mwenyewe anaiita bado kwa jina lile lile. Kwa watu wa kazi, kitu kinabaki chenyewe kwa sababu ya kazi yake na kwa sababu ya yule anayejibu kwa ajili yake. Neno hili la kujibu ndilo linanishika.

Mwaka 2020 Kenya ilinunua treni 11 za wasafiri kwa ajili ya Nairobi, ambazo zilikuwa zimetumika kwenye kisiwa cha Mallorca, Hispania. Hizo ni za mazuti. Zilitolewa kule sababu reli ya kisiwa iliwekwa umeme. Watu wengi walikasirika: kwa nini tupewe mabaki ya wengine? Hasira hiyo tunaijua. Sisi tunaovaa nguo za mabaloti na kupanda magari ya okazio, tunajua haya ya kuwa wa pili. Lakini nadhani hasira ilishika mlango usio wake. Umri wa treni si tusi. Tusi ni kumficha mtu umri huo, ao kumpakia rangi juu ya kutu ili alipe bei ya kipya. Mwenye duka anayesema "mama, hii ni ya okazio, freni nimebadilisha, motere sijaigusa" amemheshimu mnunuzi kuliko yule anayeuza kipya cha bandia ndani ya karatasi inayong'aa. Wanunuzi wa Butembo wanaelewa jambo hili vizuri sana.

Sasa upande wa pili, sababu kuna wazee wetu wanaosifu kila cha zamani, na hapo siwafuati. Katika Machi 2022, karibu na Buyofwe, Lubudi, jimbo la Lualaba, treni ya mizigo ya SNCC ilitoka kwenye reli. Watu 75 walikufa. Walikuwa wamepanda juu ya mizigo, sababu treni za wasafiri zilikuwa haba na barabara mbaya. Miaka minane mbele, Aprili 2014, treni nyingine ya mizigo ilianguka karibu na Kamina ikaua makumi. Mtu asije akaita hali hiyo "kutunza vya zamani". Kuacha kitu kifanye kazi mpaka kiue si kukitunza. Asiyekuwa na uwezo wa kufungua mashini mpaka ndani hana haki ya kuweka watu juu yake, hata kama ilijengwa na babu yake.

Basi kwa nini tunaacha mambo yafike pale? Wengine watasema ni pesa, na ni kweli. Wafanyakazi wa SNCC walikaa miezi mingi sana bila mshahara, na fundi mwenye njaa hatapima gurudumu kwa moyo mtulivu. Lakini kuna kitu kingine tusichopenda kusema. Siku ya kununua kipya kuna hotuba, kamba inakatwa, picha zinapigwa. Siku ya kubadilisha nyaya za ndani ya motere hakuna mkubwa anayekuja. Usipoziba ufa utajenga ukuta, tunafundisha watoto hivyo. Halafu anayejenga ukuta anapata shangwe, na aliyeziba ufa hajulikani jina.

Mfano mzuri unatoka kule kule Katanga. Mtambo wa umeme wa Mwadingusha, juu ya mto Lufira, ulijengwa mwaka 1930. Kampuni ya migodi ya Kamoa pamoja na SNEL hawakuuacha uanguke. Bwawa na maporomoko vilibaki, ndani yake zikawekwa turbini 6 mpya, na mwaka 2021 ulirudi kutoa umeme, megawati 78. Ulitengenezwa sababu mgodi ulihitaji umeme ule. Wasafiri wa Kamina nao wanahitaji treni, ila hawana shaba ya kuweka mezani.

Tanzania imeanza mwaka 2024 kupeleka wasafiri kwa treni mpya za umeme, toka Dar es Salaam mpaka Morogoro na Dodoma. Ni jambo la kufurahia. Nazo siku moja zitafika umri wa kufunguliwa, na kijana atakayezifungua labda yuko shuleni leo. Kule Likasi na Lubumbashi kuna wazee waliojua kufunga upya waya za motere kwa mkono. Wanakwenda mmoja mmoja, na piyesi ya namna hiyo haipatikani Dubai.