Marafiki wa Ayubu Wodini

Ndugu zangu, isomeni tena sura ya 2 ya Ayubu. Elifazi, Bildadi na Sofari waliposikia yaliyompata rafiki yao, walitoka kila mtu kwake wakamwendea, wakakaa naye siku 7 bila kutamka neno. Hapo walikuwa marafiki wa kweli! Waliharibu walipofungua midomo na kuanza kumtafutia kosa.

Sisi tunaanzia pale wao walipoharibikia. Dada yetu akijifungua kabla ya wiki 37, mtoto akalazwa wodi ya njiti na mrija puani, tunamfuata na maswali: “Ulibeba ndoo nzito?” “Ulimkosea nani?” Halafu lile la vijiweni, eti wa miezi saba hupona, wa miezi nane hafiki popote. Uongo! Kila wiki mtoto anayoongeza tumboni humwongezea nguvu. Wa miezi nane ana nafasi kubwa zaidi. Mara nyingi hata madaktari hawajui kwa nini uchungu ulikuja mapema. Wewe uliyesimama mlangoni na chungwa moja mkononi umejulia wapi?

Huko Bogotá, Kolombia, mwishoni mwa miaka ya 1970, daktari Edgar Rey Sanabria alipopungukiwa na mashine za kutunzia joto aliwaambia akina mama wawabebe njiti kifuani, ngozi kwa ngozi. Leo Shirika la Afya Duniani linataka mtoto abebwe hivyo saa 8 hadi 24 kwa siku. Pigeni hesabu, wapendwa! Mama huyohuyo anakamua maziwa kila baada ya saa chache, usiku na mchana, na mashine ikilia anaruka. Anaoga saa ngapi? Mtoto wake mkubwa aliyebaki nyumbani nani kamwamsha aende shule?

Na baba? Tunamwuliza hali ya mama, tunampita. Anahangaikia dawa na nauli, amejikaza kiume mpaka koo limekauka. Mwacheni alie! Kifua chake nacho kina joto. Manesi wakiruhusu, ambebe mwanawe.

Sheria ya kazi ya Tanzania ilirekebishwa mwaka 2025: mwajiriwa akijifungua njiti, likizo yake inaongezewa muda uliobaki hadi zitimie wiki 40 za mimba. Mungu ashukuriwe. Lakini mama lishe ataomba likizo kwa nani? Sheria yake ni ninyi!

Tuombe, ndiyo, ila tuombe tukiwa na hotpoti mkononi. Karatasi iko kwa katibu, pale mlangoni: nani atapeleka uji, nani atafua vitenge, nani atalala na watoto waliobaki, nani atatoa nauli ya baba. Usitoke kabla hujaandika jina. Ukifika wodini, kabidhi ulichobeba, chukua nguo chafu, keti. Akitaka kusema, atasema mwenyewe. Na mwenye mafua asikanyage wodini. Yeye aandikwe kwenye nauli.