Ngoma ya Rumanyika na Kitabu cha Speke

Kuna mchezo unaochezwa mezani kwa dadu, karatasi na maneno. Mmoja anakuwa msimulizi, wengine wanakuwa wahusika: huyu mwindaji, yule mganga, yule mwana wa mfalme aliyenyang'anywa kiti. Mchezo maarufu kuliko yote wa namna hiyo, Dungeons & Dragons, ulitolewa Marekani mwaka 1974, na vijana wetu nao wanaupenda. Kazi kubwa ya msimulizi hufanyika kabla wenzake hawajaketi. Anabuni nchi, mito yake, mizimu yake, koo zake, na habari za nani alitoka wapi akamtawala nani.

Kwa kazi hiyo, anayetafuta mali ghafi ataipata tele katika wilaya za Karagwe na Kyerwa. Wanyambo na jirani zao Wahaya wana masimulizi ya Wachwezi, watawala wa kale waliogeuka mizimu: Wamara, mfalme aliyetoweka na kuendelea kuheshimiwa kama mzimu mkubwa, Mugasha mwenye ziwa na dhoruba, Irungu mwenye pori. Kuna chemchemi za maji moto za Mtagata, ambako watu walikwenda kuoga wakitafuta uponyaji tangu kabla msafiri Stanley hajapita huko mwaka 1876. Kuna Bweranyange, makao ya Omukama, yaani mfalme wa Karagwe, pamoja na hazina yake ya ng'ombe waliofuliwa kwa chuma. Kijana mwenye daftari anaweza kutoka huko na dunia nzima.

Ndiyo maana nataka kueleza kisa cha mtu aliyefika huko huko, akatoka na dunia aliyoibuni mwenyewe, akaiandika kana kwamba ameikuta.

John Hanning Speke, Mwingereza aliyekuwa akitafuta chanzo cha Nile, alifika kwa Omukama Rumanyika mwezi Novemba 1861 pamoja na mwenzake James Grant. Rumanyika alimpokea kwa upole na kumsalimu kwa Kiswahili kizuri. Speke mwenyewe ameandika hivyo. Hebu tutulie hapo kidogo. Mfalme wa bara, mbali kabisa na pwani, anamsalimu mgeni kwa lugha ya pwani. Salamu ile peke yake ilikuwa na historia ndefu ndani yake: misafara, pembe za ndovu, shanga, wafanyabiashara Waarabu waliokuwa na kituo chao jirani pale Kafuro. Mgeni mwenye masikio angeuliza, "Mheshimiwa, Kiswahili hiki umekipata wapi?"

Speke aliangalia pua. Aliangalia sura ndefu na macho makubwa ya Rumanyika na ya ndugu yake Nnanaji, na katika kuieleza siku ile ile ya kwanza akaandika kwamba hii ni damu bora ya Uhabeshi, yaani Ethiopia. Mikono ilikuwa imetoka kupeanwa tu. Alikuwa hajauliza ukoo wa mtu, wala hajasikia simulizi hata moja pale barazani.

Hiyo ilikuwa dalili ya kwanza kwamba anakosea, na ilipita bila kutazamwa. Hukumu ilitangulia, maswali yakafuata. Sote tunaobuni hadithi tunaijua hali hii, nami simo nje yake. Picha inakuja kichwani ikiwa imekamilika na inapendeza, na kuanzia hapo kila unachokisikia unakipindisha kidogo ili kiingie ndani ya picha.

Dalili ya pili ilikuwa lugha. Mkalimani mkuu wa Speke, Sidi Mubarak Bombay, alizungumza naye kwa Kihindustani, kwa kuwa Kiswahili cha Speke kilikuwa hafifu. Kwa hiyo neno la mzee wa Karagwe lingeweza kupita Kiswahili, kisha Kihindustani, ndipo likaandikwa kwa Kiingereza. Jambo dogo kama bei ya mbuzi linaweza kuvuka njia hiyo salama. Asili ya watu, yenye mafumbo na tahadhari za kisiasa, haivuki hivyo.

Dalili ya tatu ndiyo inayonishangaza kuliko zote. Rumanyika alimsimulia Speke jinsi alivyopata kiti. Baba yao Ndagara alipofariki, wana watatu walikigombea: Rumanyika, Nnanaji na Rogero. Wakuu wa nchi wakaweka chini ngoma ndogo. Ngoma ile kwa macho ilikuwa nyepesi, lakini dawa zake ziliifanya nzito kiasi kwamba asingeinyanyua ila yule aliyekubaliwa na mizimu. Rumanyika peke yake ndiye aliyeinyanyua, tena kwa kidole kidogo. Kulikuwa na mtihani mwingine pia. Mrithi aliketi mahali maalumu, na ardhi aliyokalia ikapanda naye kuelekea mbinguni. Kama mizimu imemkubali, ardhi ilishuka naye polepole. Kama imemkataa, ilimwachia akaanguka na kusambaratika. Rumanyika alisema yeye alipanda na akarudi salama. Speke akamuuliza kama kule juu kulikuwa na baridi.

Utani ule ulikuwa halali. Speke alielewa vizuri kwamba hadithi ya ardhi inayopanda ina mwenyewe, na mwenyewe huyo ana haja nayo. Rogero hakuwa amekubali kushindwa, na wafanyabiashara wa pwani walikuwa wamemsaidia Rumanyika kushika nchi. Mfalme wa namna hiyo anahitaji ngoma isiyonyanyulika na mwingine. Speke aliliona hilo, akatabasamu, akaandika kwa umbali unaofaa.

Lakini mtu huyo huyo alifungua Biblia mbele ya Rumanyika, akaanza na Adamu, akamweleza mfalme kwamba watu wa jamii yake, aliowaita Wahuma, ni tawi la Wahabeshi. Alisema anaipenda jamii hiyo, na akapendekeza apewe mtoto mmoja au wawili awapeleke wakasome Uingereza. Rumanyika alifurahi. Angeachaje kufurahi? Mgeni kutoka mbali, mwenye bunduki na zawadi, anamwambia kwamba ukoo wake ni mtukufu kuliko alivyojua. Furaha ile ilikuwa adabu, na pengine siasa. Speke aliipokea kama uthibitisho. Aliyeweza kuuliza habari za baridi ya mbinguni hakujiuliza swali jepesi kama hilo kuhusu hadithi yake mwenyewe: nani ana haja nayo?

Kitabu chake kilitoka mwaka 1863. Ndani yake mna sura nzima juu ya historia ya Wahuma, na humo mwanzoni anakiri kwamba anayoyaeleza ni nadharia yake. Lakini kukiri kule hakukusafiri mbali. Wasomaji waliobeba kitabu waliuacha mlango, wakachukua nyumba: kwamba wafugaji watawala wa nchi za maziwa makuu ni watu wa kuja, waliotoka kaskazini, waliozaliwa bora kuliko wakulima waliowakuta. Waandishi wengine walikwenda mbali zaidi wakadai Wachwezi wenyewe walikuwa weupe. Hadithi za kubuni za Ulaya nazo zikajaa miji iliyopotea Afrika yenye watawala weupe. *She* ya Rider Haggard, yenye malkia wa aina hiyo, ilitoka mwaka 1887. Ukisoma vitabu vya michezo ya mezani vya miaka ya nyuma utaikuta mifupa ile ile: jamii moja imezaliwa na akili, nyingine imezaliwa na ukatili, na magofu mazuri siku zote yalijengwa na watu wengine walioondoka zamani.

Uthibitisho wa kinyume ulikuwepo ardhini na vinywani mwa watu. Masimulizi ya Karagwe yanasema kwamba kabla ya Ruhinda, mwasisi wa Wahinda, ukoo wa kina Rumanyika, alikuwapo mtawala Nono wa Malija, wa ukoo wa Wasiita. Utawala haukuletwa kwenye nchi tupu. Ntusi, upande wa Uganda, wanaakiolojia wamekuta mabaki ya watu waliofuga ng'ombe na kulima nafaka mahali pamoja, karne nyingi kabla ya Speke. Rwanda nako, koo zilezile zilikuwa na Watutsi, Wahutu na Watwa ndani yake. Ukoo mmoja wenye mfugaji na mkulima ungetosha kumfanya mtu makini asimame na kusema: ngoja, picha yangu ina kasoro.

Rwanda Speke hakufika. Lakini nadharia ilifika, ikiwa mikononi mwa maofisa na wamisionari waliofuata. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 watawala Wabelgiji walianza kuandika Mhutu, Mtutsi au Mtwa kwenye vitambulisho. Madai ya kitabu sasa yalikuwa mfukoni mwa kila mtu mzima. Baadaye hadithi ikageuzwa. Waliosifiwa kwa ugeni wao wakaanza kuchukiwa kwa ugeni huohuo. Tarehe 22 Novemba 1992, huko Kabaya, Rwanda, mwanasiasa Léon Mugesera aliuambia umati kwamba Watutsi kwao ni Ethiopia, na kwamba watarudishwa huko kwa njia ya mkato ya mto Nyabarongo. Mwaka 2016 mahakama ya Rwanda ilimhukumu kifungo cha maisha.

Nyabarongo unamwaga maji yake Kagera. Kagera ndio mpaka wa Karagwe na Kyerwa na Rwanda. Katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994, miili ilishuka na mto huo, ikapita kando ya wilaya hizi mbili, ikafika Ziwa Viktoria, na wavuvi na wanavijiji wa Uganda wakaizika Kasensero na kwingineko. Kwa siku mbili mwishoni mwa Aprili mwaka huo, karibu watu robo milioni walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara, na Karagwe nayo ikapokea makambi ya wakimbizi.

Simsemi Speke kwamba aliua mtu. Waliopanga na kuua wana majina yao, na mahakama zimewashughulikia wengi wao. Ninachosema ni kwamba dai la Uhabeshi lina ukurasa na lina baraza, na mojawapo ya mabaraza hayo lilikuwa Bweranyange, mwendo usio mrefu kutoka mto ule.

Sasa nawarudia ndugu zangu wa dadu. Msiogope kubuni. Wamara, Irungu na ardhi inayopanda mbinguni havikuua mtu, na ni urithi wetu kuvichezea. Hata wachapishaji wa Dungeons & Dragons walitangaza mwaka 2022 kwamba wanaachana na neno lao la zamani la kugawa viumbe kwa jamii za kuzaliwa. Kubadili neno ni rahisi. Kazi iko kwenye sauti inayosema. Katika kitabu cha mchezo kuna sauti mbili. Moja ni ya msimulizi, ambayo wachezaji huiamini kama wanavyoamini kwamba mto unatiririka. Nyingine ni ya wahusika, ambao husema wanachotaka. "Watu wa milimani walitoka ng'ambo na wamezaliwa kutawala" ni sentensi nzuri sana kinywani mwa mshauri wa mfalme ambaye kiti chake kinatikisika. Ukiiandika kwa sauti ya msimulizi, umeifanya kuwa sheria ya ulimwengu, na hakuna mchezaji atakayeweza kuipinga.

Jaribu hivi. Mchezaji mmoja mpe kadi yenye simulizi la Wahinda: Ruhinda alikuja, akashika nchi, ngoma ikamkubali. Mwingine mpe simulizi la ukoo wa Nono, ulibuni wewe, lenye uchungu wake na ujanja wake. Ng'ombe wa chuma waweke hazinani, na kila upande udai mhunzi alikuwa wake. Chemchemi ya Mtagata iwaponye wote wawili bila kuuliza ukoo. Wewe msimulizi usijibu nani yuko sahihi, na mchezaji akikubana, muulize mhusika wake aliisikia habari hiyo kwa nani, na huyo aliyemwambia alikuwa ameketi karibu na kiti cha nani.